Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Jumapili, 1 Septemba 2013

Dada Miriamu, unisamehe kwa kuchelewa. Daftari hili lilifika pamoja na picha zako mwezi wa tano, na leo ndiyo kwanza naandika mstari. Si kwamba nilikusahau. Lilikaa ndani ya sanduku, chini ya nepi za Isimbi, na kila nilipolitoa, ama Isimbi alitaka kunyonya, ama Gisa alianza kukohoa, ama mama mkwe aliuliza naandika nini na namwandikia nani. Ulisema kwenye simu: "Kila nikikuuliza unajibu tuko sawa, tuko sawa, mpaka simu inakatika. Andika siku kwa siku, halafu umpe mtu anayekuja huku." Haya, naandika. Nitaandika mpaka mvua zinazokuja ziishe.

Nianze kwa kusema hatuko sawa. Kifua cha Gisa kimekuwa kibaya. Mwezi wa saba tulilazwa tena Mbarara, na safari hii daktari hakuniuliza habari za mtoto, aliniuliza habari za nyumba.

"Mama, nyumba iko na dirisha?"

"Hapana."

"Mnapika ndani?"

"Mvua ikinyesha."

"Barabara iko mbali?"

"Iko mlangoni, daktari. Malori ya makaa yanapita hapo hapo."

Aliandika dawa, halafu akaweka kalamu chini. "Dawa nitakupa. Lakini hii mtoto nimeiona mara mingi sasa. Mvua kubwa ikimkuta ndani ya hiyo nyumba, ukuta inalia maji, moshi ndani, vumbi ndani, utamrudisha hapa. Na mimi sitaki kukuahidi kitu."

Basi nataka nyumba nyingine kabla ya mvua kubwa. Kiwanja kipo, nyuma ya hii ya sasa. Miti, baba Gisa, Bienvenu, alikwisha kuikata kabla hajarudi Mbarara kwenye kazi ya ujenzi. Turubai jipya tunalo. Na nina picha zako.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefua. Nimechoka.

Jumatano, 4 Septemba

Gisa amelala mapema, kwa hiyo nimezitoa picha tena. Nimezishika mpaka kingo zimejikunja.

Ile ya kwanza, ya nyumba ya mwimbaji unayoisafisha huko, nilipoiona nilicheka. Nilisema, huyu mwimbaji alikuwa mtu mkubwa, dunia nzima ilimjua kabla mama hajatuzaa, halafu akajengewa hii? Upande wa barabara ni ukuta mrefu wa mawe, hakuna hata dirisha, ila fasi moja yenye matofali ya matundu matundu. Paa limelala kama meza. Ungesema ni ghala la mahindi. Gari lake lina nyumba yake pembeni, paa juu ya nguzo, kuta hakuna.

Kisha picha ya pili, umezunguka nyuma. Hii sikuicheka. Nyumba yote ni kioo kuanzia chini mpaka juu, mlango unasukumwa pembeni kama pazia, na mbele yake maji ya kuogelea, na mlima mkavu mwekundu. Kuna jiwe kubwa kwenye kona, nusu liko ndani ya nyumba na nusu liko nje. Umeniandikia nyuma ya picha kwamba aliyeichora alikataa kulivunja. Na umeandika hivi, nakuandikia tena maneno yako ujue nimeyasoma: "Jangwa hili lina jua la kuua mtu. Lakini upenu wa paa umetoka nje sana, jua la mchana halifiki ndani. Vumbi la barabara linagonga ukuta, linabaki huko huko. Upepo unapita kwenye matundu. Yvette, ndani kunapumua."

Ndani kunapumua. Nimemtazama Gisa amelala, mbavu zake zinavyoingia na kutoka, na nimesema nitajenga hivyo.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwita Appolinaire, Mfulero wa Uvira anayetujengea sote hapa kambini. Amekaa kwenye dumu, ameshika picha, ameigeuza chini juu, ameigeuza tena.

"Juu ni wapi?"

"Hapo, penye mbingu."

"Bado haijaisha, hii?"

"Imeisha toka zamani, baba. Watu wanalipa kuiingia, wanavua viatu."

"Banavua viatu!" Aliitazama tena. "Mama Gisa, hii ni stoo. Stoo ya muzungu."

Nimemwonyesha picha ya nyuma. Amepitisha kidole juu ya kioo chote. "Vioo hatuna."

"Vioo sivitaki. Nataka mgongo wake, na upenu wake, na matundu yake. Mlango utazame ziwa, usitazame barabara."

"Matundu nitatoa wapi? Matofali ya vile sijayaona hata Isingiro."

Nilikuwa nimelifikiria hilo wakati naosha vyombo. Nimemletea kopo la mafuta ya kupikia, lile la mraba tunalopewa kwenye mgao, nimekata juu na chini. Nimelilaza ubavu, nikamwambia atazame ndani. Ameangalia mpaka kule upande wa pili, ameniona, amecheka. "Basi uitishe makopo kwa bamama bote."

Jumamosi, 7 Septemba

Tumepima kiwanja kwa kamba. Jiwe letu unalikumbuka, lile ambalo kila mtu husema limetuibia ardhi? Nimeamua libaki kwenye kona ya upande wa barabara, ukuta ulifikie, nusu ndani nusu nje kama la mwimbaji.

Mama mkwe Nyirakamana amekuja na fimbo yake, ameuliza swali moja.

"Mulango?"

"Unatazama ziwa, Mama."

"Mwana wangu akikuja na bageni, bapite nyuma kama bezi?"

Nimemweleza habari ya vumbi, habari ya daktari, nimemwonyesha na picha. Hakuitazama. Ameondoka, na amekula peke yake.

Jumatatu, 9 Septemba

Gisa amekohoa tangu asubuhi. Nguzo zimesimama.

Alhamisi, 12 Septemba

Fito. Mikono yangu imejaa miiba. Mama mkwe hajafika kiwanjani tena. Akitaka kunijulisha jambo anamwambia Isimbi, ambaye hana hata jino. "Isimbi, ambia mama yako chumvi imeisha."

Jumatatu, 16 Septemba

Paa limekwisha! Limelala kama meza, kama la picha. Upenu wa upande wa ziwa umetoka nje mpaka Appolinaire amelalamika kwamba mti hautoshi. Mchana nimekaa chini yake na watoto, jua halikutugusa. Sikuweza kuwaambia watu furaha yangu, kwa hiyo nakuambia wewe.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua ya kwanza, ndogo, kutoka upande wa Rugaaga kama kawaida. Nisikilize sasa. Maji yalikaa juu ya paa. Yalikaa tu, hayakujua pa kwenda. Turubai likaanza kushuka katikati, likashuka, likawa tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na miti inalia. Appolinaire akaja mbio na mpini wa jembe.

"Usiogope, mama. Ni ya kusukuma kidogo."

Alisukuma kidogo. Maji yote yalimwangukia yeye kichwani, na turubai, na udongo, na kopo moja. Alibaki amesimama na mpini wake kama askari.

Nyuma yangu nilisikia sauti ambayo sijaisikia miezi mingi. Mama mkwe, mlangoni kwa nyumba ya zamani, alikuwa akicheka mpaka akakaa chini. "Bienvenu angemuona! Bienvenu angemuona!"

Kosa ni langu. Wewe uliniandikia kabisa: jangwa. Nilichukua paa la mahali pasiponyesha nikalileta mahali panaponyesha, na fundi, ambaye amejenga nyumba ngapi hapa, alinitii kwa sababu alitaka ifanane na picha. Kesho tunainua upande wa ziwa na kushusha upande wa barabara, maji yapate njia. Mgongo utainama kidogo, basi.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kukandika.

Unajua siku hiyo ilivyo. Huwezi kukandika nyumba peke yako. Udongo ukikauka kwa vipande vipande ukuta unapasuka. Lazima watu waje wengi, wakanyage udongo, wengine walete maji, wengine wapige ukutani, kwa siku moja uishe. Mimi nimekwenda kwa kila mtu. Hakuna nyumba ya kijiji hiki ambayo sikubeba maji yake. Nimeamka gizani, nimepika maharagwe sufuria kubwa, nimesonga bugali. Appolinaire alichimba shimo la udongo, akamwaga maji.

Hakuja mtu.

Saa nne nilimwona mama Annonciata anapita. Ndiye kiongozi wa wamama wa kijiji, ndiye anayeita watu kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, na akisema twendeni, watu wanakwenda. Alikuwa na mwavuli, na hakuna mvua.

"Mama Annonciata, karibu. Udongo uko tayari."

"Asante, mama Gisa. Niko napita tu." Alisimama lakini. Hajui kupita tu. "Ile nyumba yako. Tukikuja kukusalimia, hodi tutapiga wapi? Kwa ukuta?"

"Mutazunguka."

"Tutazunguka! Mutu anajenga katikati ya batu, anaficha mulango. Juu ya nini? Anapika nini cha kuficha?"

"Maharagwe. Njoo ule."

"Sisemi mubaya. Nasema batu banasema."

"Batu gani?"

"Batu." Akafungua mwavuli, akafunga. "Geuza mulango, mama Gisa. Geuza tu, na kesho kutwa tuko hapa bote, hata mimi na hii goti yangu. Nyumba ya kupa batu mugongo, hapana."

Nilimwambia mtoto wangu hawezi kupumua vumbi. Alisema watoto wote wa hapa wanapumua vumbi. Nilimwambia wa kwangu hatapumua tena. Akaenda.

Mimi na Appolinaire tulijaribu. Isimbi mgongoni, Gisa amekaa kivulini na kopo jichoni. Mpaka jioni tulikuwa tumefanya kipande kidogo, na kimeanza kupasuka. Maharagwe nimewapelekea majirani wale wale, kwa sababu yangeharibika. Walipokea kwa mikono miwili, wakaniuliza habari za Gisa. Ndicho kilichoniliza.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani hawakunitenga. Waliniachia nafasi kwenye benchi kama siku zote. Sielewi watu.

Alhamisi, 26 Septemba, Mbarara

Naandika hospitalini. Gisa amelala, ana mashine ya mvuke usoni.

Jumanne mvua ilikuwa kubwa, ya mchana, ikaingia kwa mlango wa barabara moja kwa moja, ikazima moto, moshi ukajaa. Nilikuwa nimetoka kukinga maji. Niliporudi mama mkwe alikuwa amemshika Gisa nje, kwenye mvua, amemfunika na nguo yake mwenyewe, yeye kichwa wazi. Midomo ya Gisa ilikuwa imebadilika rangi. Kifua kililia kama filimbi, halafu kikaacha kulia, na hapo ndipo niliogopa zaidi. Mama mkwe aliniambia neno moja: "Enda." Tukapata pikipiki mpaka kituo cha afya, na gari la wagonjwa mpaka hapa.

Daktari ni yule yule. Hakuniambia "nilikuambia". Amenishika bega tu, amepita.

Bienvenu amekuja kutoka Kamukuzi, simenti kwenye nywele. Wanamjengea mkubwa mmoja nyumba kule kilimani. Alimshika Gisa mguu, akakaa hivyo. Baadaye tulitoka koridoni.

"Mama yangu amenipigia. Na Annonciata amenipigia."

"Annonciata ana namba yako?"

"Annonciata ana namba za watu wote. Yvette, geuza mlango. Watu waje, ukuta ukauke, mtoto aingie. Tutaugeuza tena siku nyingine."

"Nani amewahi kugeuza mlango siku nyingine?"

Alicheka kidogo, amechoka. Nikamuuliza, nyumba unayojenga kule Kamukuzi, kutoka barabarani unaona mlango? Akafikiri. "Hapana. Unaona ukuta, na vipande vya chupa juu yake."

"Na watu wanasema ni mchawi?"

"Wanasema ni mkubwa."

"Basi."

Alinitazama kama siku ile alipokuja kunichumbia na baba akamkalisha juani. "Wewe ni mgumu, mama Gisa." Nikamwambia mimi si mgumu, nimechoka tu, na nikichoka siwezi kujifunza kitu kipya. Mlango utabaki. Nitakandika peke yangu hata kama ni mpaka Krismasi. Alikuwa na chapati kwenye mfuko, tukagawana.

Nimeandika "hata kama ni mpaka Krismasi" lakini mvua kubwa haitasubiri, Miriamu. Ninajua.

Jumamosi, 28 Septemba

Amekula uji wote. Ameuliza kopo lake liko wapi.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumerudi. Niliposhuka kwenye gari, kitu cha kwanza nilichoona ni mama mkwe amekaa juu ya jiwe letu, upande wa barabara, fimbo magotini, amevaa kitenge chake cha kanisani siku ya kazi.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Niko nachunga nyumba. Lete mutoto."

Alimpakata Gisa, akaweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza. Halafu akaanza kuongea na mimi, si na Isimbi, na mimi.

Alisema juzi jioni mbuzi wa watu waliingia kati ya nguzo, akaenda kuwafukuza. Akachoka, akakaa kwenye fasi ya mlango, pale chini ya upenu. Hakuwahi kukaa pale. Jua lilikuwa linashuka. Na ng'ombe wa Wanyankole, wale wenye pembe ndefu, wakaanza kushuka kwenda ziwani kunywa maji, wote, na walikuwa wanakuja wamemwelekea yeye.

"Wewe kule Itombwe ulitoka mudogo," aliniambia. "Mulango wa baba mukwe wako uliangalia wapi?"

"Sijui, Mama."

"Uliangalia fasi bang'ombe banarudia. Magaribi unakaa mulangoni, unabaona banakuja, unaita kila moja jina. Barabara! Kule kwetu kulikuwa barabara gani?" Alimpigapiga Gisa mgongoni. "Toka tulikimbia sijakaa kwa mulango kama ule. Hizi nyumba zote za hapa zinaangalia lori. Mimi nilizani ni wewe unageuza mulango. Kumbe ulikuwa umeurudisha."

Miriamu, mimi sikuwaza ng'ombe hata kidogo. Niliwaza vumbi. Sikumwambia.

Jumatano, 2 Oktoba

Kila siku yuko kwenye jiwe. Anasimamisha kila mtu. Kwa kuwa mlango hauonekani, yeye mwenyewe ndiye watu wanaomkuta. Leo nilikuwa nyuma ya fito, nikasikia amemkamata mama Annonciata.

"Annonciata! Pita hapa. Hodi unapiga kwangu."

"Mama Nyirakamana, hii jua itakuuwa."

"Haitaniua. Nilisikia unatafuta mulango. Ulizunguka?"

"Sina shida ya kuzunguka, mama."

"Zunguka."

"Mama..."

"Miye niko mukubwa kwako. Zunguka, ukuje uniambie umeona nini."

Nikasikia goti la Annonciata linakuja linalalamika. Alinikuta, tukasalimiana. Akasimama chini ya upenu, akatazama mteremko, ziwa, ng'ombe wachache wa mchana wamesimama majini. Upepo ulikuwa unapita. Alivua kilemba, akajipepea, akaacha kujipepea kwa sababu haikuhitajika.

"Umeona nini?" sauti ya mama mkwe ikatokea upande wa pili, kupitia kopo tulilokwisha kulikandika.

"Nimeona bang'ombe!"

"Basi nyumba haikugeuzia batu mugongo. Inaangalia bang'ombe."

"Ninyi na bang'ombe zenu!" Annonciata aliinama akaliambia kopo. "Na siye batu ya mihogo, tukikuja hapa tutaangalia nini?"

"Mutaangalia maziwa."

"Maziwa gani? Hauna hata kuku!"

"Ndiyo maana nasema mutaangalia!"

Annonciata alicheka mpaka akanishika mkono asianguke. Halafu akanitazama, akaacha kucheka. "Mutoto anaendelea namna gani?"

"Anapumua."

"Ulipoenda na gari la bagonjwa," alisema, "nilikaa kwa jiko yangu, nawaza ile maharagwe yako. Sikuweza kula." Akafunga kilemba. "Jumamosi, saa moja. Usipike maharagwe tena."

Jumamosi, 5 Oktoba

Walikuja wote. Siwezi kuandika, mikono haishiki kalamu.

Jumapili, 6 Oktoba

Sasa naweza. Walikuja kabla ya saa moja, na majembe na madumu, Annonciata mbele amepandisha kitenge magotini. Aliingia wa kwanza kwenye shimo la udongo, akaanza kukanyaga, akaimba, na wengine wakashuka. Wanaume walipiga upande wa juu. Appolinaire alikuwa amevaa kofia na anapiga kelele kama waziri: "Kopo liiname kidogo nje! Liiname nje, mvua isiingie! Nani aliweka hili? Huyu anataka kulala na samaki!" Makopo yalikuja kutoka kila nyumba. Mengine bado yana maandishi, tumeyaacha. Watoto walikaa upande mmoja wa ukuta na wengine upande wa pili, wakawa wanaitana kupitia matundu kama simu, na Gisa ndiye alikuwa anawaambia nani aongee.

Mama mkwe hakukandika, mgongo haumruhusu. Alikaa kwenye jiwe na kusalimia kila aliyepita, na kila aliyepita alimwambia, "Zunguka."

Jioni ng'ombe waliposhuka, watu wote walikuwa upande wa ziwa wananawa. Wakaacha kunawa, wakatazama. Wazee wetu waliwataja kwa rangi. Annonciata aliuliza yule mwenye pembe moja anaitwaje, na mama mkwe akampa jina papo hapo. Alimwita Annonciata.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ukuta unakauka. Jua, namshukuru Mungu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumehamia. Nimegombana na mama mkwe kabla ya kuingiza hata mkeka. Anataka moto ndani, kwa sababu nyumba bila moto ni baridi, ni kaburi. Nimesema hapana. Nimejenga jiko pembeni, paa juu ya nguzo, kuta hakuna, kama nyumba ya gari la mwimbaji. Amesema basi atapika kama gari. Nimesema ndiyo, Mama. Amepika kama gari. Chakula kilikuwa kizuri.

Jumanne, 29 Oktoba

Usiku mzima hakukohoa. Niliamka kumtazama kwa sababu ya kimya.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua kubwa yenyewe imekuja leo, baada ya saa nane. Ilitoka Rugaaga nyeusi, ikapiga ukuta wa barabara kama inatupa kokoto. Nilikuwa nimeshika beseni, tayari kukinga. Sikukinga kitu. Maji yalishuka mgongoni kwa nyumba, yakaingia kwenye pipa, pipa likajaa. Upande wa ziwa mlango ulikuwa wazi kabisa, na mvua ilianguka mbele yetu, nje ya upenu, kama vile vioo vyako. Tulikaa tukaitazama, wakavu.

Katikati yake sauti ikaingia kwa kopo: "Hodi! Hodi kwa ukuta!"

"Zunguka!" tulipiga kelele sote.

Annonciata aliingia amelowa mpaka mifupani, mwavuli umekufa. Nilimpa kitenge. Gisa alikuwa amelala kwenye mkeka, katikati ya kelele yote ile. Mama mkwe akainama, akaweka sikio mgongoni kwake kama anavyofanya. Tukamngoja.

"Kunasema nini?" Annonciata aliuliza.

"Hakuna kitu," mama mkwe alisema. "Nasikia mvua tu."

Jumapili, 17 Novemba

Mchungaji wetu anasafiri kesho kutwa kuja huko kwenu, na daftari linaondoka naye. Gisa hajarudi hospitali. Appolinaire ameitwa na nyumba tatu zinazotaka "mugongo wa mwimbaji", na sasa anajifanya kwamba alimjua.

Bado nahitaji vitu hivi, usome vizuri, usiniletee vingine. Nguo za kung'aa usitume tena.

Dawa ya kuvuta, ile ya bluu, na kile chombo cha plastiki cha kuvutia, cha ukubwa wa mtoto.

Bawaba za mlango, nzito, na misumari yake.

Miwani ya mama mkwe, ya kuona mbali. Anasema anawaona, lakini juzi aliita ng'ombe mbuzi.

Chukua kamba, ishikilie ukutani upande wa vioo, uipeleke mpaka mwisho wa upenu, uikate hapo. Usiniandikie urefu, tuma kamba yenyewe. Appolinaire ananibishia, nataka kumnyamazisha.

Uliza watu wa huko, siku mvua ikinyesha hata mara moja kwa mwaka, maji ya paa lile yanakwenda wapi.

Na picha moja. Katika zote ulizotuma wewe haumo, isipokuwa ile ya tatu, ndani ya kioo, kitambaa begani na simu imekufunika uso. Ngoja wageni watoke. Weka kitambaa chini. Kaa kwenye kile kiti cha rangi ya machungwa kinachotazama mlima. Usikae kwenye ukingo kama mtu anayesubiri kuitwa, kaa kabisa, uegemee. Mtu akupige hivyo, uso uonekane. Mama mkwe amenizuia kuweka taa kwenye kopo lililo karibu na mlango. Anasema hiyo ni fasi ya picha yako.